Machinjio yakae upande gani wa kijiji?

MIGATO, wilayani Itilima mkoani Simiyu, ni nchi ya wafugaji. Ng'ombe akichinjwa, nyama huenda buchani na ngozi huanikwa juani, lakini damu na uchafu wa matumbo hubaki. Senta inapokua na nyumba kusogeleana, mzazi lazima ajiulize: kazi hii ifanyiwe wapi?

Swali hili ni la kale. Mishna, sheria za Wayahudi zilizokusanywa miaka 1,800 hivi iliyopita, iliagiza kazi ya ngozi ikae dhiraa 50, karibu mita 25, kutoka mjini, tena upande wa mashariki, ili upepo usirudishe harufu kwa watu. Katika Biblia, Simoni mtengenezaji wa ngozi wa Yafa alikaa kando ya bahari.

Uingereza nako, mwaka 1361, wakati wa tauni, Mfalme Edward III aliamuru ng'ombe wa kulisha London wachinjiwe nje ya jiji, Stratford au Knightsbridge. Watengeneza ngozi wengi walikuwa Bermondsey, ng'ambo ya mto Thames. Leo sehemu zote hizo ni mitaa ya London, kwa sababu jiji lilizifuata. Hata Vingunguti, Dar es Salaam, machinjio na makazi ya watu vimebanana.

Kwa hiyo kuyasogeza machinjio hakutoshi. Mbwa anayekula maini au mapafu yenye malengelenge huweza kupata tegu, na mtoto anayecheza naye kisha akala bila kunawa huweza kumeza mayai ya tegu hilo. Machinjio yanahitaji uzio na shimo la taka lenye mfuniko. Na mnyama aliyekufa ghafla asichunwe wala kuliwa, huenda ni kimeta. Mwite afisa mifugo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mzazi mwenzangu, suala hili likifika kwenye mkutano wa kijiji, usikae kimya. Uliza mambo matatu. Upepo unavuma kuelekea wapi? Maji ya mvua yanateremkia kisima cha nani? Na baada ya miaka 20, nyumba na shule zitakuwa zimefika wapi?