Dozi ya Jino, Vurugu Tumboni

Umeanza dozi ya antibiotiki Jumatatu kwa sababu ya jino. Jumatano tumbo linanguruma na safari za chooni hazihesabiki. Mwenzi wako anauliza, "Umekula wapi jana?" Lawama zote anaangushiwa muuza chipsi wa watu, kumbe mchawi yupo kwenye pakiti ya dawa kando ya kitanda!

Mpenzi msomaji, hili ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Utumbo wako ni makazi ya matrilioni ya bakteria, na wengi wao ni marafiki. Wanasaidia kumeng'enya chakula na wanawabana wale wabaya wasipate nafasi. Sasa antibiotiki haibagui. Inawapiga wa kwenye jino, inawapiga na marafiki. Walinzi wakipungua, maji hubaki utumboni na unaanza kuharisha. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki na klindamisini ni kati ya dawa zinazojulikana sana kwa vurugu hii. Tena inaweza kukukuta hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi.

Ufanye nini?
Kwa wengi huisha yenyewe siku chache baada ya dozi. Kunywa maji ya kutosha, na ukizidiwa changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza. Usikatishe dozi kimya kimya. Ongea na daktari, huenda akakubadilishia. Na ule mtindo wa kukimbilia duka la dawa kuongeza Flagyl au vidonge vya kufunga tumbo bila ushauri, achana nao.

Ukiona damu, homa, tumbo linakata sana au unaharisha maji mara tatu na zaidi kwa siku, nenda hospitali. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile ambaye hutumia mwanya huo kuzaliana na kutoa sumu inayojeruhi utumbo mpana. Anaweza kuua, hasa wazee. Mgonjwa akiwa ndani, nawaneni kwa sabuni na maji, maana jeli ya spiriti haimmalizi.

Wapendanao, someni hapa
Kama mnategemea vidonge vya uzazi wa mpango, antibiotiki nyingi hazivurugi kazi yake, isipokuwa chache kama rifampisini ya kifua kikuu. Tatizo ni kuharisha kwenyewe. Kukiwa kukali kwa zaidi ya saa 24, kidonge kinaweza kupita bila kunyonywa vizuri mwilini. Endelea kumeza, lakini tumieni kondomu mpaka siku 7 zipite tangu tumbo litulie. Vinginevyo, baada ya miezi tisa msije kuulizana maswali.

Mwisho, ile tabia ya "baby, maliza zangu zilizobaki" kila mtu akipata mafua, iacheni. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiwagusi. Utakachopata ni mafua yaleyale, na tumbo juu yake. Mpikie mwenzio supu ya moto, inatosha!