Je, Wajua? Brimu, Samaki wa Chini Anayepanda Juu Kula

Brimu wa Australia ni samaki wa jenasi ya Acanthopagrus, katika familia ya Sparidae. Huishi kwenye milango ya mito, mahori na maziwa ya pwani ambamo maji ya chumvi hukutana na maji matamu. Mwili wake ni bapa, mgongo umeinuka na kichwa kimechongoka. Anayemjua changu wa Bahari ya Hindi ataona kufanana, kwa kuwa familia ya changu na ya brimu ni jamaa wa karibu. Jina la jenasi limetokana na Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza maana yake ni mwiba. Linamfaa, maana pezi la mgongoni lina miba migumu, na mwiba wa pili wa pezi lililo nyuma ya tumbo ni mnene kiasi cha kutoboa kiganja cha asiyejua kumshika.

Spishi mbili ndizo zinazotafutwa zaidi na wavuvi wa mshipi. Ya kwanza ni brimu wa mapezi ya njano, Acanthopagrus australis, aliyeelezwa kisayansi na Albert Günther mwaka 1859. Makazi yake ni pwani ya mashariki, kuanzia Queensland hadi maziwa ya Gippsland katika jimbo la Victoria. Ya pili ni brimu mweusi, Acanthopagrus butcheri, aliyepewa jina mwaka 1949 kwa heshima ya A. D. Butcher, mtaalamu wa uvuvi wa Victoria aliyemchunguza samaki huyo huko Gippsland. Huyu ameenea upande wa kusini, kutoka Myall Lakes katika New South Wales, pamoja na Tasmania, hadi Shark Bay magharibi ya nchi. Tofauti yao kubwa iko kwenye uzazi. Brimu mweusi kwa kawaida huzaliwa, hukua na huzaa ndani ya hori lake. Yule wa mapezi ya njano hushuka majira ya baridi hadi pale mto unapoingia baharini na kutaga huko, kisha watoto wake huingia ndani na maji yanayojaa na kujificha kwenye nyasi za bahari. Mahali spishi hizi zinapokutana huzaliana, na machotara wao wamepatikana katika maziwa ya pwani ya kusini mashariki.

Kinywa cha brimu kimeumbwa kwa kazi ya chini. Mbele ana meno imara ya kung'olea chaza na kome kwenye mawe. Nyuma yake mna safu za magego ya mviringo ya kusagia magamba ya kaa na makombe. Hula pia minyoo ya tope, samaki wadogo na kambamiti. Wafugaji wa chaza wa New South Wales wanamjua vizuri, kwa kuwa hupenda kukaa chini ya vichanja vyao. Kwa kila dalili huyu ni samaki wa chini. Hata hivyo, kuanzia Novemba hadi Aprili, maji yanapopata joto la nyuzi 20 hivi na zaidi, brimu huyohuyo huonekana akipasua uso wa maji na kunyakua kinachoelea. Uvuvi wa chambo cha juu, yaani chambo bandia kinachoelea, umejengwa juu ya tabia hiyo moja.

Kinachompandisha juu

Sababu ya kwanza ni kamba. Katika mito kama Clarence na Hawkesbury, kamba wa spishi ya Metapenaeus macleayi hukulia ndani ya mto, kisha husafiri kwa makundi kwenda baharini, hasa nyakati za usiku wa kiza cha mwezi katika miezi ya joto. Kamba anayeviziwa hana silaha ila mkia. Huukunja ghafla chini ya tumbo, kipepeo cha mkia kikasukuma maji, naye akafyatuka kinyumenyume huku macho yakimwelekea adui. Akizidiwa hufyatuka hadi nje ya maji, akaruka mara mbili tatu kama kigae kinachorushwa juu ya maji yaliyotulia. Akiwa hewani brimu hamfikii. Lakini kila anapotua huacha duara la viwimbi na mlio mwepesi, na duara hilo ndilo linalomfichua.

Sababu ya pili ni wadudu. Mito mingi ya New South Wales hupita kati ya misitu ya mikalitusi, na majira ya joto yanapoanza nyenze, wale wadudu wa mitini wanaopiga kelele kutwa nzima, hutoka kwa wingi. Wengine huanguka majini, wakabaki wanapiga mbawa bila uwezo wa kunyanyuka. Brimu anayekaa kivulini chini ya matawi hujifunza upesi kwamba kelele hiyo ndogo ni chakula.

Sababu ya tatu ni kina cha maji. Maji yanapojaa, brimu huyafuata hadi juu ya matope na nyasi za bahari, kando ya mikoko. Mkoko ulioenea zaidi huko ni Avicennia marina, yaani ule ule mchu wa Lamu na Rufiji, na mizizi yake ya kupumulia husimama topeni kama vidole. Mahali hapo maji hufika magotini tu. Kwa samaki aliye katika maji ya nusu mita, chini na juu si nchi mbili tena. Anayepekua tope kutafuta kaa huwa na uso wa maji karibu na mgongo wake, na kupanda ni kugeuza kichwa tu.

Anachokiona na anachokisikia

Samaki anayetazama juu haoni kama mtu anavyoona. Mwanga unapoingia majini hupinda, na kwa sababu hiyo mbingu yote na kingo za mto hukusanyika kwake katika duara moja lenye upana wa pembe ya nyuzi 97 hivi. Kwa samaki aliye nusu mita chini, dirisha hilo lina kipenyo cha takriban mita 1.1. Nje ya duara, uso wa maji ukitazamwa kutoka chini ni kioo, na samaki huona humo taswira ya tope na nyasi zilizo chini. Chambo kinachoelea mbali na dirisha hilo huonekana kwa tumbo lake lililozama na kwa jinsi kinavyokivuruga kioo. Mgongo wa chambo, ule uliopakwa rangi nzuri zinazompendeza mnunuzi dukani, hauonekani kabisa.

Masikio nayo yana kazi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Samaki ana pia mstari wa ubavuni, msururu wa viungo vidogo vya hisi unaotambua maji yanayosogezwa karibu naye. Ndiyo maana chambo cha juu hakihitaji kufanana na kamba kwa sura. Kinahitaji kuyatikisa maji kama anavyoyatikisa kamba anayetoroka.

Aina za chambo

Chambo cha juu anachotupiwa brimu huwa na urefu wa sentimita 5 hadi 7 hivi na uzito wa gramu chache, nacho hubeba ndoana ndogo za makali matatu. Kuna makundi matatu. La kwanza lina uso uliobonyea kama kijiko. Mshipi ukivutwa, uso huo husukuma maji, hunasa hewa na kutoa mlio wa kububujika. La pili ni kijiti laini chenye uzito nyuma ambacho, kikivutwa kwa mikato mifupi, huyumba pua kushoto na kulia. La tatu huiga mdudu, likiwa na mbawa nyepesi zinazopiga maji kwa mwendo wa polepole.

Mitindo hii haikuanzia kwa brimu. Kampuni ya Heddon ya Michigan, Marekani, ilijulikana kwa vijiti vya kuyumba vya kuvulia samaki wa maziwa wanaoitwa bass, na kimoja kati ya hivyo, Zara Spook, kinatengenezwa hadi leo. Wajapani nao, ambao katika mahori yao yumo ndugu wa brimu aitwaye kurodai, Acanthopagrus schlegelii, walitengeneza vijiti vidogo na vyepesi zaidi. Kimojawapo, Sugapen cha kampuni ya Bassday, kimekuwa jina la kawaida kwa wavuvi wa brimu wa Australia.

Ufito unaotumika ni mwembamba, wa mita 2 hivi, wenye ncha laini. Mshipi hubeba kilo 2 hadi 3 tu. Aina ya mshipi ina maana kubwa hapa. Nyuzi zilizosukwa za polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Nailoni ni nzito kuliko maji kidogo tu, huzama polepole. Florokaboni, inayopendwa kwa uvuvi wa chini, ina uzito unaokaribia mara 1.8 ya uzito wa maji. Ikitumika kama kipande cha mwisho huzama, huvuta pua ya chambo chini na kuua mwendo wake. Kwa hiyo wengi hufunga kipande cha nailoni mwishoni mwa mshipi uliosukwa.

Mvuto mmoja, hatua kwa hatua

Mahali pazuri ni kando ya nyasi za bahari, au juu ya tope lenye matundu ya kaa na kamba wa mchangani, maji yakiwa yanajaa au yameanza kupwa. Upepo mwepesi unaokunja uso wa maji husaidia, kwa kuwa humficha mvuvi na kuvunja umbo la chambo. Maji yakiwa kama kioo, samaki hupata muda wa kuchunguza na kughairi.

Chambo hutupwa mbali, na viwimbi vya kutua huachwa vitulie. Kisha ncha ya ufito huelekezwa chini na kupewa mikato midogo ya kiganja. Siri ya kijiti cha kuyumba iko kwenye ulegevu. Kila mkato hufuatwa na mshipi uliolegezwa, maana chambo hugeuza pua kikiwa huru. Mshipi ukikazwa muda wote, kijiti hukokotwa moja kwa moja kama kipande cha ukuni. Mikato minne au mitano, pumziko la sekunde moja au mbili, kisha mikato tena, kama kamba anavyofyatuka, akachoka, akafyatuka.

Nyuma ya chambo hutokea kiwimbi chenye umbo la ncha ya mshale. Ni brimu anafuata. Wakati mwingine ni wawili au watatu, na ushindani huo huwapunguzia woga. Hugonga kwa pua, hukikosa, hurudi. Kinywa chake kimezoea kuokota vitu vilivyo mbele na chini, kwa hiyo ili kumeza kinachoelea hulazimika kuinua kichwa, na mara nyingi hulenga vibaya. Hapo ndipo wavuvi wengi hupoteza. Mshindo wa maji hushtua mkono, ufito hukatwa juu, na chambo hutoka mdomoni mwa samaki ambaye hajakifunga. Aliyezoea huendelea na mikato ileile kana kwamba hakuna kilichotokea, na huinua ufito anapohisi uzito kwenye mshipi. Watu wa Pwani husema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Brimu aliyekosa mara mbili naye mara nyingi hurudi kwa nguvu mara ya tatu, mradi chambo hakijaondolewa mbele yake.

Akishanaswa hukimbilia kwenye mizizi, nguzo au chaza, ambako mshipi mwembamba hukatika kwa mguso mmoja. Breki ya gurudumu la mshipi huachwa laini ili ndoana ndogo zisinyooke, na samaki huzuiwa kwa mkunjo wa ufito.

Samaki akuaye polepole

Brimu wa mapezi ya njano huchukua takriban miaka 5 kufikia sentimita 23. Umri husomwa kwenye mawe madogo ya sikio, ambayo huongeza pete kila mwaka kama shina la mti, na brimu weusi wamekutwa na zaidi ya miaka 25. Wakubwa waliozeeka pua zao huingia rangi ya buluu, na kwa hiyo wavuvi huwaita pua-buluu. Sheria zimefuata ukuaji huo. New South Wales hairuhusu kuchukua brimu aliye chini ya sentimita 25, na Victoria imeweka sentimita 28 kwa brimu mweusi.

Chambo cha juu kina faida moja kwa samaki anayerudishwa. Ndoana hushika mdomoni, hufika kooni kwa nadra sana, tofauti na chambo cha nyama ambacho samaki hupata muda wa kukimeza. Utafiti uliofanywa New South Wales ulionyesha kwamba brimu aliyemeza ndoana huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi mshipi ukikatwa na ndoana ikaachwa, na wengi baadaye huitema. Mikono iliyolowanishwa kabla ya kumshika huhifadhi ute unaomkinga na magonjwa.

Ifikapo Mei maji hupoa na kamba hupungua juu ya matope. Brimu wa mapezi ya njano huteremka makundi kwa makundi kuelekea mlango wa mto kutaga, na mweusi hutulia kwenye vilindi kando ya magogo. Wote wawili hurudi kula chini, na uso wa maji hukaa kimya hadi kamba wa Novemba waanze kuruka.