Mtoto anatapika msimu wa tumbaku: vidonge vitamu au kipimo?

Wiki hii nina swali la mama mmoja wa Kaliua, mkoani Tabora. Mwanawe wa miaka 12 husaidia kuvuna tumbaku ya familia. Kila msimu ni yale yale: jioni baada ya kuchuma majani anapauka, anatoka jasho la baridi, kichwa kinamzunguka, anatapika, na usiku hapati usingizi. Anakuwa mnyonge, hataki kusemeshwa. Ndugu yao wa mjini amewaletea kichupa cha vidonge vidogo vitamu, mithili ya punje za mtama, pamoja na karatasi ya dalili. Mama alipoisomewa alishtuka. Kila kilichoandikwa ndicho alichonacho mwanawe, hadi ile tabia ya kutaka kufunuliwa tumbo apate hewa. Anauliza ampe au asimpe.

Nianze na jibu, maana mzazi mwenye mgonjwa hana muda wa hadithi. Vidonge hivyo havitamponya. Mtoto apelekwe kupimwa malaria leo, hata kama mwaka jana alitapika hivyo hivyo akapona mwenyewe. Na kipimo kikionyesha hana malaria, kinachomuumiza kuna uwezekano mkubwa kiko shambani, kwenye majani anayoyashika.

Lakini mama huyu ameuliza jambo la maana kuliko anavyodhani. Kwa nini orodha ilifanana kiasi kile? Jina lililo kwenye kichupa ni Tabacum. Hiyo ni tumbaku, kwa Kilatini.

Tiba hiyo inaitwa homiopathi, na chanzo chake kinahusu dawa ambayo wazee wa Tabora wanaijua vizuri: kwinini. Mwaka 1790 daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen. Hakuridhika na maelezo ya Cullen kuhusu namna magome ya mti wa kwinini yanavyotibu homa. Basi akayala mwenyewe, akiwa mzima, mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa, akaandika alichosikia: miguu na ncha za vidole kuwa baridi, usingizi, moyo kudunda, wasiwasi, kutetemeka, kiu. Akaona hali hiyo inafanana na homa yenyewe. Akahitimisha kwamba dawa inatibu ugonjwa kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa unaofanana nao kwa mtu mzima.

Kuanzia hapo akawa anawapa watu wazima wa afya vitu mbalimbali, mimea, chumvi, madini, hata sumu, na kuwaagiza waandike kila wanachokisikia mwilini na moyoni. Si maumivu ya tumbo peke yake. Ndoto, hasira, huzuni, kusahau, kuchukia kelele, kupenda kukaa peke yako, vyote viliandikwa. Madaftari hayo ndiyo yaliyozaa vitabu vikubwa vya homiopathi, na ile karatasi ya Kaliua ni ukurasa uliotokana na madaftari ya namna hiyo.

Sasa mkumbuke mzee yeyote aliyewahi kumaliza dozi ya kwinini. Muulize alisikia nini. Hatakwambia alipata homa. Atakwambia masikio yalivuma kama kuna nyuki ndani, kichwa kikawa kizito, uchungu ukakaa mdomoni. Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara karibu na Tabora akisubiri wapagazi, aliwahi kuandika kwamba mgonjwa wa homa apewe kwinini mpaka masikio yavume. Kwenye njia ile ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, mvumo wa masikio ndio ulikuwa alama kwamba dozi imefika. Kwinini haitibu malaria kwa kuiga malaria. Inaua vimelea vilivyo kwenye damu. Hahnemann hakuweza kulijua hilo. Vimelea hivyo vilionekana mara ya kwanza mwaka 1880, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipovitazama kwa darubini huko Algeria. Simlaumu kwa kutojua. Ila sisi tunajua, na hatuna ruhusa ya kusahau.

Kwa tumbaku mambo ni tofauti kidogo, na hapa ndipo mama wa Kaliua alipopata mshtuko wake. Tumbaku ni sumu kweli. Mtu mzima asiyeizoea akiimeza au ikimwingia kupitia ngozi, atapauka, atatoka jasho la baridi, atatapika, atazungukwa na kichwa, moyo utamdunda, atajiona mnyonge na mwenye hofu. Walioandika orodha ya Tabacum waliandika dalili za sumu ya nikotini. Na mtoto wa Kaliua naye ana dalili za sumu ya nikotini. Karatasi ilimwelezea vizuri kwa sababu yeye na waandishi wake wameguswa na jani lile lile! Kama ingeishia hapo, ingekuwa msaada mkubwa: ingemwambia mama, mwondoe mtoto kwenye majani.

Haiishii hapo. Homiopathi inachukua tumbaku hiyo hiyo na kuichanganya na maji au spiriti: tone 1 kwa matone 99, inatikiswa, kisha tone 1 la mchanganyiko huo kwa matone 99 mengine, na kuendelea. Kichupa kikiandikwa 30C maana yake zoezi hilo limerudiwa mara 30. Kufika mara ya 12 tu, uwezekano wa kubaki hata chembe moja ya tumbaku umekwisha. Kinachobaki ni sukari ya kidonge. Ndiyo maana nimesema havitamponya, na kwa kichupa cha namna hiyo ndiyo maana pia havitamtilia sumu.

Na yale madaftari ya dalili, yanaaminika kiasi gani? Yamewekwa kwenye mizani zaidi ya mara moja. Mwaka 1835, mjini Nuremberg, Ujerumani, watu waligawiwa vichupa, vingine vikiwa na chumvi iliyochanganywa kwa kanuni za homiopathi, vingine maji matupu ya theluji. Hakuna aliyejua chake ni kipi. Kati ya 50 waliotoa taarifa, 42 hawakusikia kitu. Wanane walisikia jambo fulani: watano walikuwa wamekunywa dawa, na watatu walikuwa wamekunywa maji. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio kama hilo kwa zaidi ya watu 200, wakitumia dawa inayoitwa Belladonna ya 30C. Waliokunywa dawa na waliokunywa kidonge kitupu hawakutofautiana katika dalili walizoandika.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Usimeze chochote. Chukua daftari, uandike kwa siku saba kila unachosikia mwilini na kila kinachokupitia kichwani. Siku ya pili utakuwa na mguu uliokufa ganzi, siku ya tatu ndoto ya ajabu, siku ya nne hasira isiyo na sababu, siku ya tano kuwashwa mgongo. Mwili hausemi kidogo. Ukiamua kuusikiliza kila dakika, utajaza kurasa, na ukurasa wowote kati ya hizo utamfaa mgonjwa fulani mahali fulani. Orodha yenye kila kitu ndani yake haikosi kumpata mtu.

Niseme pia jambo moja la haki. Wagonjwa wengi wanaokwenda kwa watoa tiba mbadala huniambia, "Daktari, yule alinisikiliza." Saa nzima, wakati mwingine. Aliuliza nalala vipi, naogopa nini. Sisi kwenye foleni ya zahanati tunakupa dakika tatu tukiwa tunaandika. Malalamiko hayo ni ya kweli na yanatuhusu. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili watoa huduma, kwa hiyo kumwendea aliyesajiliwa si kosa. Lakini usajili haugeuzi sukari kuwa dawa ya malaria. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema wazi kwamba homiopathi isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga.

Turudi shambani, maana huko ndiko kuna ugonjwa wenyewe.

Kutapika kwa wavuna tumbaku ni ugonjwa unaotambulika kitabibu. Wavunaji wa Marekani wameandikwa kwenye majarida ya tiba tangu miaka ya 1970. Nikotini imo kwenye utomvu wa jani bichi, na inayeyuka kwenye maji. Jani likiwa na umande au mvua, au nguo ikilowa jasho, nikotini inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Dalili huanza saa chache baada ya kushika majani, mara nyingi jioni au usiku, na huisha ndani ya siku moja au mbili mtu akikaa mbali na shamba. Mtoto huumia zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo na haujazoea. Mtu mzima anayevuta sigara mara nyingi hasikii kitu, mwili wake umeshaizoea nikotini. Ndipo unapomsikia baba anasema mtoto ni mlegevu, mbona mimi nachuma tangu alfajiri. Baba, si ulegevu.

Tatizo la Tabora ni kwamba majani yanavunwa wakati wa mvua, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoleta mbu. Mtoto anayetapika mwezi wa Februari Kaliua anaweza kuwa na nikotini, anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa na vyote viwili. Sumu ya nikotini kwa kawaida haileti homa, lakini usitegemee mkono wako kwenye paji la uso, kwani homa ya malaria hupanda na kushuka. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu la kidole, kipo kwenye zahanati na kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Kikionyesha malaria, anapewa dawa mseto na anamaliza dozi yote. Kisipoonyesha, msimlazimishe mhudumu awape dawa ya malaria "kwa usalama". Nimeona watoto waliotibiwa malaria mara tatu katika msimu mmoja bila kipimo hata kimoja, na kila walipopata nafuu kidogo wakarudishwa kwenye majani yaliyowaumiza.

Kuna na la tatu, dawa za kuua wadudu. Mtoto akitokwa na mate mengi na machozi, akiharisha, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikichezacheza au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize kituoni, na mbebe lebo ya dawa iliyopulizwa. Usimnyweshe maziwa wala usimtapishe.

Vilevile usisubiri asubuhi ukiona degedege, mtoto kupoteza fahamu, kutapika kila anachomeza, kushindwa kukaa au kunyonya, macho ya manjano au mkojo mweusi. Vidonge vitamu ubaya wake ndio huu. Havimdhuru mtoto kwa kilichomo ndani yake, ila vinakula saa. Kwa malaria kali, kuchelewa kwa usiku mmoja kunaweza kumwondoa mtoto.

Najua tumbaku ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na kushika majani mabichi ya tumbaku ni kazi ya hatari, hata shamba likiwa la baba yake. Zipo kazi za nyumbani anazoweza kusaidia bila kugusa jani. Kwa watu wazima: ngojeni umande ukauke kabla ya kuchuma, vaeni mikono mirefu na glavu zisizopitisha maji, badilisheni nguo zikilowa, nawini kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za shambani zifuliwe peke yake. Mama mjamzito asichume, kwa kuwa nikotini inamfikia mtoto tumboni. Anayenyonyesha naye akae mbali na majani, maana inapita hata kwenye maziwa.

Mkifika zahanati, msiseme tu kwamba mtoto anatapika. Semeni alishika majani siku gani, yalikuwa makavu au yamelowa, alianza kutapika saa ngapi, na kama shamba au la jirani lilipulizwa dawa wiki hiyo. Na kile kichupa mwende nacho, mhudumu ajue alichokwisha kupewa.