Foleni ya Hewani Kuelekea Bouvet

Bouvet ni kisiwa cha Norwei kilichojitenga kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Hakina mkazi, na karibu chote kimefunikwa na barafu. Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, upweke huo ndio utamu wenyewe. Tuzo ya DXCC ya Marekani inahesabu nchi na visiwa 340, na Bouvet haipatikani mpaka kikundi kifunge safari na mitambo yake. Mwaka 2018 kikundi kimoja kilikikaribia, lakini hali ya hewa na hitilafu ya injini ya meli vikakirudisha. Mwaka 2023 kingine kilishuka kisiwani na kufanya mawasiliano takribani 19,000.

Kituo cha namna hiyo kikisikika, maelfu hukiita kwa pamoja, na kwenye spika hubaki mvumo kama wa soko siku ya gulio. Wote wakiita kwenye masafa yaleyale, kituo chenyewe kitafunikwa. Kwa hiyo mwendeshaji hutuma, tuseme, kwenye 14,195 kilohezi, na kusikiliza juu yake, kati ya 14,200 na 14,210. Anayesahau kutenganisha masafa hayo humwangukia kila msikilizaji masikioni, na kukemewa hakuchelewi.

Nguvu ya mtambo husaidia, ila si kama wengi wanavyodhani. Mzoefu kwanza hunyamaza. Humtafuta aliyejibiwa punde, aone alikuwa wapi: je, mwendeshaji anapanda kilohezi moja moja, au amekaa papo hapo? Akishaujua mwendo wake, humtangulia hatua moja, hutaja alama yake ya wito mara moja tu, kisha husikiliza tena.

Mara mwendeshaji hunasa kipande cha alama, tuseme L na M, na kukijibu pamoja na ripoti ya usikivu: “Lima Mike, tano tisa.” Hapo mwenye herufi hizo peke yake ndiye hujibu kwa kutaja alama yake yote, wengine huziba midomo, au ndivyo inavyopaswa. Aliyeitwa husema naye, “Tano tisa, asante,” na kazi imekwisha kwa sekunde chache. Hakuna kuulizana hali.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kuzima mtambo: mwendeshaji awe ameirudia alama yote sawasawa. Herufi moja ikiandikwa vibaya kwenye daftari la kisiwani, mawasiliano hayo hayahesabiki.