Chai ya Mufindi na Karafuu Zetu: Namna ya Kujaribu ili Zao Lisigeuke na Hali ya Hewa



Kila msimu malalamiko yanayofika mezani kwa Katibu huwa ni yale yale. Mtu ameanika karafuu zake kama alivyoanika mwaka jana, kwa jamvi lile lile na mikono ile ile, lakini alipozifikisha kituoni zimetiwa daraja la chini. Ukimwuliza sababu atakwambia, "Kulikuwa na mawingu." Ni kweli kulikuwa na mawingu. Lakini mawingu hayalipi khasara, tunaolipa ni sisi. Basi swali la kujiuliza si vipi tutapata jua. Jua si letu. Swali ni hili: iko namna gani ya kuanika ambayo, hata jua likitunyima, karafuu itatoka nzuri?

Swali la mfano huu wenzetu wa bara, katika nyanda za juu za kusini, wamelishughulikia kwa njia inayofaa tuifahamu. Huko Mufindi, mkoa wa Iringa, chai husitawi sana wakati wa mvua, lakini kiangazi chake ni kirefu, chafika miezi sita. Mahali paitwapo Ngwazi, palipo juu kiasi cha mita 1,840, wataalamu wa chai walifanya majaribio katika miaka ya 1980 na 1990. Katika jaribio moja walipanda miche ya namna sita, kisha wakati wa kiangazi wakatumia mstari mmoja wa mabomba ya kunyunyizia maji. Michai iliyo karibu na mstari ilipata maji mengi, ya mbele yake ikapata pungufu, na hivyo hivyo mpaka ile ya mbali kabisa ambayo haikupata kitu.

Hapa ndipo penye werevu. Hawakukaa kungoja mwaka wa ukame uje wenyewe. Waliutengeneza kwa vipimo, wakaona kila mche unavyofanya katika neema, katika uhaba na katika kiu, yote kwa msimu mmoja. Mche mmoja uliotoka Kenya, uitwao S15/10, ulipopata maji ya kutosha ulitoa kilo 5,600 za chai kavu kwa hektari kwa mwaka, na ulikuwa bado mchanga. Mwenye haraka angesema, basi tupande huo tu. Lakini miche ile haikulingana katika kuvumilia kiu, na mwenye mabomba na mto karibu hawezi kuwa na jibu moja na yule anayengoja mvua ya Mungu.

Mbeya nako ni hivyo hivyo. Kituo cha Uyole, ambacho kimetoa mbegu za maharage zinazojulikana kama Uyole 84 na Uyole 96, kiko penye baridi, lakini ukiteremka bonde la Usangu utakuta joto na mpunga. Mbegu iliyoshinda uwanjani Uyole peke yake haijamtosha mkulima. Ndiyo maana mbegu hujaribiwa mahali pengi kabla ya kutolewa. Waliopuuza jambo hili tunawakumbuka: mpango wa karanga wa Kongwa ulianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi na majaribio machache, ukafungwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Viwandani mambo haya yalipewa sura na Mjapani mmoja, Genichi Taguchi. Khabari inayosimuliwa sana ni ya kiwanda cha vigae cha Ina, Japani, mwaka 1953. Tanuri lao lilikuwa na joto lisilo sawa, kwa hivyo vigae vya kando na vya kati havikulingana ukubwa. Kulijenga upya tanuri kungegharimu fedha nyingi mno. Badala yake walijaribu kubadili mchanganyiko wa udongo, wakaona kwamba wakizidisha chokaa, kutoka sehemu 1 katika 100 mpaka sehemu 5, vigae vinakaribia kuwa sawa popote vilipokaa. Joto lilibaki vile vile lilivyo; kigae ndicho kilichofundishwa kutolijali.

Sasa turudi kwetu Pemba. Jua na mawingu ni kama lile tanuri. Vilivyo mikononi mwetu ni vingine, nami nachagua vitatu: mahali pa kuanikia (jamvi au sakafu ya saruji), unene wa kutandaza (mwembamba au mnene), na wakati wa kuchambua makonyo (jioni ile ile au asubuhi ya pili). Mtu akitaka kujaribu kila namna atahitaji mafungu manane. Lakini manne yatosha kwa kuanzia, yakipangwa hivi: la kwanza jamvi, mwembamba, jioni, la pili jamvi, mnene, asubuhi, la tatu sakafu, mwembamba, asubuhi, la nne sakafu, mnene, jioni. Tazama vizuri utaona kila jambo limekutana na kila jingine mara moja. Ukilinganisha mafungu mawili ya jamvi na mawili ya sakafu, unene na wakati vimegawanyika sawa pande zote mbili, havimpendelei mtu.

Karafuu zichanganywe kwanza, kisha zigawanywe kwa pishi, na fungu lipi lifanywe vipi kuamuliwe kwa kura. Tusimpe mke mwenza fungu zuri! Yote manne yaanze siku moja. Kisha jaribio lirudiwe siku za mawingu, maana bila ya hizo hatujajaribu kitu. Zikikauka, zipimwe kwa mizani (karafuu mbichi hupoteza kiasi cha thuluthi mbili ya uzito wake), na katika kila karafuu mia zihesabiwe zilizochacha na zilizoota ukungu. Tuseme fungu moja limetoa nzuri 92 kwa jua na 55 kwa mawingu, na jingine 86 kwa jua na 81 kwa mawingu. La kuchagua ni hili la pili, ijapokuwa halikushinda siku ya jua.

Jambo moja la tahadhari. Mafungu manne hayaonyeshi mambo mawili yanaposaidiana, kwa mfano iwapo unene hauna madhara juu ya saruji lakini una madhara juu ya jamvi. Kwa hivyo namna itakayoonekana bora ijaribiwe tena peke yake, mbele ya namna yetu ya kawaida, kabla mtu hajaamini na kuitumia kwa gunia lake lote.

Wanaotaka kushiriki msimu ujao waandikishe majina kwa karani wa tawi kabla ya uchumaji kuanza. Natamani tupate nyumba za Wete, Chake Chake na Mkoani, kwa kuwa mvua za huku na kule si moja. Kila nyumba iwe na daftari, na kila siku iandikwe: jua, mawingu au mvua, na saa karafuu zilipoanuliwa. Atakayetumia mizani yake mwenyewe ailete kwanza ilinganishwe na ya chama.

Katibu