Simu imeshaingia madrasa: kiongozi ni nani?

Ilikuwa mwezi 29 Ramadhani, miaka michache iliyopita. Mara tu baada ya magharibi, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa madrasa yetu hapa Mombasa. Mzee mmoja alisikika akisema kwa utulivu kwamba mwezi umeonekana. Haikupita nusu saa, mtaa mzima ulikuwa na habari. Nyama ya pilau ikakatwa, watoto wakatolewa nguo mpya, na safu za tarawehe zikapungua.

Aliyeusikiliza ujumbe ule hadi mwisho ni maalim wetu mkuu, mtu wa makamo ya miaka 70 ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Mjukuu wake alimwekea sikioni. Mwishoni, yule mzee alisema Idd itakuwa Jumapili. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Ujumbe ulikuwa wa mwaka mwingine.

Kufikia wakati habari hiyo inasambaa, usiku ulikuwa umeingia sana. Wapo waliokuwa wamelala bila kutia nia wala kula daku, wakaamkia chai asubuhi. Siku ile walikuja kuilipa.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na siku ya pili tulikaa kikao kutafuta wa kulaumu. Mzazi aliyeutuma alisema naye ametumiwa. Tukauliza nani analisimamia kundi. Jibu ni kwamba msimamizi alikuwa mtu mmoja tu, naye ni kijana wa kidato cha tatu. Ndiye aliyelifungua kundi, kwa sababu sisi watu wazima hatukujua. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa: "Maalim, nisamehe."

Maalim akamjibu, "Wewe hukukosa, mwanangu. Mimbari ni yetu, tukakuachia wewe peke yako."

Neno hilo limenikaa, na ndilo linalonifanya niandike leo. Wengi wetu tunazungumza kana kwamba tunangoja kuamua iwapo teknolojia iingie katika elimu ya dini. Imeshaingia, na uongozi umeshahama mikononi mwetu bila kikao wala dua. Swali lililobaki ni tuugawe vipi upya, na kila mtu ajue kazi yake.

Tuanze na ulivyokuwa. Chuo cha Kurani tulichokulia sisi kilikuwa ni mwalimu. Yeye ndiye mtaala, ndiye mtahini, ndiye mlezi. Mtoto alianza na herufi kwenye ubao, akafuata juzuu, hadi akahitimu. Elimu ilipokewa mdomo kwa mdomo, na kwa elimu za juu mwanafunzi alipewa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, yenye mlolongo wa majina: huyu alisoma kwa fulani, naye fulani alisoma kwa fulani. Ukitaka kujua neno limetoka wapi, kulikuwa na mtu wa kumuuliza.

Isidhaniwe kwamba viongozi wetu wa zamani walikimbia vyombo vipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Wakati huo gazeti la Kiswahili la kuelimisha Waislamu lilikuwa jambo geni. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Alikitumia chombo kipya, lakini msomaji alijua ni nani anayesema, na asiyekubaliana naye alijua aende wapi kumjibu. Ujumbe wetu wa mwezi haukuwa na jina, tarehe wala msikiti.

Mabadiliko makubwa ya safari hii yalikuja kwa dharura. Machi 2020, kwa sababu ya korona, shule zilifungwa, na misikiti na makanisa yakafuata. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai mwaka huo, zilikuwa na masharti: watoto chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa, na madrasa na shule za Jumapili zilibaki zimefungwa. Walimu waliokuwa na simu za kisasa wakaanza kusomesha kwa WhatsApp na Zoom. Wasiokuwa nazo walikaa nyumbani bila mwanafunzi wala ada. Kundi letu lilizaliwa wakati huo, na korona ilipopungua hakuna aliyekaa kuuliza lina kazi gani tena.

Leo mtoto anaweza kusikiliza wasomaji wakubwa wa Makka na Misri akiwa kitandani. Programu ya simu inamrudishia aya mara 20 bila kuchoka. Hilo ni jema, na mwalimu hawezi kushindana nalo. Kwa hiyo kazi yake haiwezi kuwa ileile ya kumiminia tu.

Kwa maoni yangu, kazi ya mwalimu sasa ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kusikiliza. Mpwa wangu alihifadhi sura kadhaa kwa kufuata video, akasoma kwa sauti nzuri mbele ya maalim. Akasimamishwa kwenye aya ya pili: alikuwa anaitamka haa kama hee, na neno likageuka. Video ilikuwa inamsomea tu, haikuwa inamsikia.

Sehemu ya pili ni kupambanua. Vijana wanakuja na maswali kutoka TikTok na YouTube: hili ni bidaa, yule ni kafiri, maulidi ya bibi ni haramu. Mwalimu akimfukuza kijana kwa kuuliza, kijana atarudi kwa yule wa kwenye simu, na pwani hii tunajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi baadhi ya watoto wetu. Mwalimu anayesema "nani kasema, ana dalili gani, na wanavyuoni wengine wanasemaje" anamfundisha kupima. Hata "sijui, nitauliza" ni somo.

Ya tatu ni kumjua mtoto: nani amenyamaza wiki hii, nani nyumbani kuna msiba.

Lakini mwalimu peke yake hawezi kubeba yote, na hapa ndipo kamati na wazazi wanapoingia. Miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha hapa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, wakawafunza kina mama na wasichana wa mitaani kuwa walimu, na jamii ikapewa jukumu la kuziendesha shule hizo. Funzo lake ni kwamba uongozi ukigawanywa kwa watu waliofunzwa, elimu haipungui.

Sisi baada ya aibu ile tulifanya hivi. Kundi lina wasimamizi watatu, mmoja wao ni mwalimu wa kike, na matangazo yanatoka kwao tu. Yule kijana anawafundisha walimu kutumia simu. Masomo ya simu yanapitia simu ya mzazi, na mwalimu hamwandikii mtoto faraghani. Picha za watoto haziwekwi bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na madrasa nazo zina watoto.

La fedha bado linatusumbua. Baadhi ya wazazi waliacha kulipa ada wakisema mtoto anasoma kwa simu. Tumekubaliana kwamba bando la mwalimu lilipwe na kamati, lakini mshahara wake ungali mdogo. Na yupo mzee kwenye kamati anayetaka simu zipigwe marufuku kabisa. Tunabishana naye kila kikao, kwa heshima.

Ramadhani iliyofuata, usiku wa 29, ujumbe wa sauti uliingia tena kwenye kundi. Ulikuwa wa maalim mwenyewe, akiwa amerekodiwa na yule kijana. Alitaja jina lake na la baba yake, akataja tarehe, akataja ni nani aliyemletea habari, kisha akasema mwezi haukuonekana, tuleni daku.

Nawe ndugu msomaji, uliza leo katika madrasa au kanisa lako: nani anashika funguo za kundi la watoto wetu?