Mbogi ya Benchi, Lwiro

Sokwe wakianza kuzoza kule kituoni, mbogi yote inajua kipa wetu amebakisha kidogo tu atoke mboka. Yeye ndiye huwamangisha. Mchana kutwa anarusha matunda kwa wenye mikono mirefu, jioni anakam kudaka mipira, na hapa base hawachoki kumshow ati angewafunza wale sokwe kudaka krosi yeye angepumzika. Yeye hucheka tu. Anasema sokwe hawana shida, shida ni mabeki.

Mimi ni wa Kayole, Nairobi. Mathe na mzae walitoka hizi pande kitambo, kwa hivyo nikikuja kumcheki shosh, Kiswahili changu ndio komedi ya kijiji. Nikisema "wasee", wanauliza ni wazee gani hao. Wao wakisema "njo vile", mimi bado nageuka kuangalia nani anaitwa aje. Siku tatu hivi, alafu masikio yanashika laini.

Lwiro si Bukavu yenyewe. Ukitoka mjini unafuata barabara ya Goma, unapita Miti, unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege, alafu unaacha barabara kubwa unapanda. Ni kama kilomita 45. Kuna upande unacheki milima ya Kahuzi, kwingine unacheki Ziwa Kivu likiwaka, na katikati kuna mjengo mkubwa wa enzi za Wabelgiji, kituo cha utafiti kilichoanza 1947 kikiitwa IRSAC. Siku hizi ni CRSN. Kituo cha sokwe kilifunguliwa hapo 2002, na sasa kina sokwe zaidi ya 100, wengi wao mayatima wa majangili. Wageni huja na kamera kwa sababu yao. Timu yetu haijawahi kupata mgeni hata mmoja.

Base yetu ni mbele ya ligablo, kale kaduka ka mbao kanakouza inite za simu, sabuni na sigara moja moja. Kando yake kuna dada wa mikate na karai lake la mafuta. Ligi ya hapa imelala mpaka mwaka mpya na mvua imegeuza uwanja matope, kwa hivyo tumebaki na mdomo tu. Kila jioni mwenye ligablo anatoa katoni ya sabuni aliyoipasua, upande wa ndani ameandika timu yote kwa kalamu ya bluu, na hapo ndipo vita huanza: nani anabaki, nani anaenda, tunahitaji nani.

Katoni yenyewe ni stori. Fowadi wetu alihepa Kamituga kuchimba dhahabu, na akipiga simu siku hizi anabonga kama bosi. Beki wa kushoto ana nduthi, kwa hivyo anacheza tu kama hakuna abiria. Namba sita ni fundi wa simu, fiti kinoma lakini pumzi yake ni ya betri kuukuu. Alafu kuna majina mawili chini kabisa, ya wasee waliovuka mpaka Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua Kavumu na baadaye Bukavu. Hawajarudi. Wino wao umeanza kufifia, na kila mtu hujifanya hajaona.

Usidhani hii mbogi ina umoja. Nusu ni mashabiki wa Muungano, nusu wa Dawa, timu mbili za Bukavu. Hayo majina yenyewe ni kichekesho: Muungano ndiyo inagawanya familia, na Dawa ndiyo inaumiza watu roho. Dabi yao kwa uwanja wa Concorde, kule Kadutu, ni kitu mtu husimulia kama harusi, nani alikaa wapi na nani alilia. Lakini hata stori ya usajili wao imepinda. Ndege za abiria zilikata Kavumu tangu hiyo Februari, na nchi hii si ya kuzunguka na basi kwenda kucheza ugenini. Kitambo mashabiki walikuwa wanauliza tutasajili nani. Sasa swali la kwanza ni atapita wapi.

Turudi kwa katoni. Noma yote ilianza na mechi ya mwisho ya msimu. Sikuwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka naona kama nilikuwa. Tunaongoza 2-0, dakika ya 70, wasee washaanza kuimba. Namba sita anashikwa na msuli. Kocha anageuka kucheki benchi. Benchi ni ndoo imepinduliwa, jezi mbili zimekunjwa juu ya jiwe, na mtoto mmoja wa shule amevaa viatu vya kaka yake, kubwa hadi kidole kinapiga kona peke yake. Huyo ndiye akiba yote. Akaingia, akakimbia kama anafukuzwa, lakini mtu mmoja hawezi kuziba mito mitatu. Tukalala 3-2.

Sasa, ungedhani mtu akishaona ndoo iliyopinduliwa ataongea kuhusu ndoo. Wapi! Wote wanataka streika.

"Siye tuko na lazima ya atakan," mwenye ligablo akasema, kalamu hewani. "Kule Katana kuko mumoja, anapiga na miguu yote mbili."

"Anaomba nini?"

"Simu. Na viatu."

Nakiri, mimi mwenyewe niliingia boksi. Nilikuwa nishaanza kupiga hesabu vile ningefungua grupu ya WhatsApp, wasee wa Kayole wachange, tumnunulie huyo jamaa simu. Streika ana utamu. Ukimsajili unaweza kumtaja barabarani. Nani ashawahi kujigamba mtaani ati tumeleta msee wa kuingia dakika ya 80?

Kipa ndiye alitugeuza turudi kwa benchi, akaleta mambo ya Rabat. Hiyo usiku ya 16 Novemba 2025 bado ni mbichi hapa, watu wanaitembeza mfukoni. Kongo na Nigeria, nani aende mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Nigeria wanafunga mapema, Meschak Elia anarudisha, 1-1 mpaka nyongeza inaisha. Penalti ziko mlangoni. Hapo kocha wa Kongo, Desabre, anamtoa kipa Lionel Mpasi na kumuingiza Timothy Fayulu, kipa ambaye usiku wote alikuwa amekaa na jaketi.

Pale sine, ile sali ya video inayotumia jenereta, nusu ya watu walisimama kutukana. Na walikuwa na haki! Mpasi ni nani? Mpasi ndiye yule wa Januari 2024, Kombe la Afrika kule Kodivaa, tulipotoana jasho na Misri kwa matuta hadi zamu ikafika kwa makipa. Wa Misri akagonga mwamba. Mpasi akachukua mpira, akaweka, akafunga, 8-7. Msee kama huyo unamtoaje dakika ambayo ni yake? Mmoja alikuwa anapiga kelele, "Desabre amelewa!" Alafu Fayulu akaanza kudaka. Chancel Mbemba akamalizia, 4-3, na yule wa "amelewa" ndiye alikuwa wa kwanza kubebwa mabegani. Hadi leo anasema alijua.

"Mimi kama ningekuwa Mpasi," kipa wetu akasema, "ningelia kwanza, alafu ningeshangilia."

Nikawashow hiyo si mara ya kwanza duniani. 2014 kule Brazil, Louis van Gaal wa Uholanzi alimtoa Cillessen nyongeza ikiisha, akamuingiza Tim Krul dhidi ya Kosta Rika, na Krul akadaka mbili. Wakanicheki vile mtu hucheki mgeni anayejua sana.

Ndipo, kwa mambo hayo hayo ya akiba, nikacheza voisi ya binamu yangu. Yeye na familia walihamishiwa Marekani kama wakimbizi, na mpira wa huko umemla kichwa, ule wa gongo, beisboli. Voisi ya dakika nne, nusu ni kikohozi. Huo mchezo hauna saa. Kuna mrushaji, anarusha mpira kwa nguvu hadi bega linachoka, na akichoka anatolewa, harudi. Kwa hivyo kila timu ina kijiwe pembeni ya uwanja, wanaita bulpeni, pale warushaji wa akiba wanakaa wakipasha mikono. Kuna hadi wa kuja kumalizia tu. Msimu ukiisha, mashabiki wanatumia baridi yote kubishana kuhusu hao watu wa kijiwe kuliko hata mastaa. Nani mkono wake umekwisha, nani atatushikia dakika za kifo.

Yeye ni shabiki wa timu ya Dodgers. Akasimulia fainali za 2025 dhidi ya Toronto Blue Jays, mechi ya tatu, 27 Oktoba. Mchezo wa kawaida ni raundi 9. Huo ulifika 18. Mechi mbili kwa moja. Warushaji wakaisha, kijiwe kikabaki na mmoja, Will Klein, jina ambalo hata mashabiki wengi walikuwa hawalijui. Akarusha raundi nne, mipira 72, hakuna aliyepata alama. Kisha Freddie Freeman akaupiga mmoja ukatoka uwanja, 6-5, watu wakalale. Dodgers wakachukua kombe zima. Na akamalizia na kitu iliamsha base: ati hao hao Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda 2022, Umar Male na Ben Serunkuma, wote warushaji.

"Uganda hii?" mwenye ligablo akauliza, akionyesha na kalamu upande ambao si wa Uganda.

Dada wa mikate alikuwa kimya muda wote, anageuza mikate na kijiti. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Sasa ule wa mwisho, kama hawamuite, banamulipa?"

Nikampigia binamu yangu hapo hapo. Akacheka. Akasema wanalipwa wote, kila siku ya msimu, ukirusha usirushe. Kima cha chini cha mwaka huo kilikuwa dola 760,000. Base ikanyamaza. Si kwa sababu ya ganji, ganji ya aina hiyo hata haishikiki kichwani. Ni vile dada aliweka kijiti chini.

"Minajua juu ya nini benchi yenu ni ndoo," akasema. "Kisha mechi, kocha anakujaka hapa. Anahesabia mimi mikate kumi na moja. Fanta kumi na mbili, moja ya yeye. Mutu anatoka Katana na miguu, anaikala dakika makumi munane mu jua, anarudia na miguu, ata kamukate hapana. Njo utamuona tena siku gani?"

Kocha alikuwa amekaa hapo hapo. Akaanza kuangalia milima.

Kulikuwa na ubishi, usidhani walikubali kirahisi. Yule wa streika alisema Fanta haifungi goli. Mwingine akasema ukianza kuwapa wa benchi, kesho hata wa kubeba mpira watadai. Na jambo la chapaa ni la kweli: benki za Bukavu zilifungwa zote 2025, mkwaja unapita kwa simu na kwa mikono, kila chupa mtu anaifikiria mara mbili. Kocha akajitetea ati yeye mwenyewe hununua kwa mfuko wake, na hiyo pia ni kweli, nimeona huo mfuko.

Lakini huyu dada alikuwa ameshika kitu. Tulikuwa tumeketi wiki nzima tunatafuta wachezaji, na wachezaji walikuwa wanatutoroka kwa bei ya mkate wa mafuta. Majina matano kwenye katoni yaliyokatwa kwa mstari, nikiuliza waliendaje, kila mmoja ana stori yake: shule, shamba, mguu. Hakuna aliyesema njaa, na mimi sikuwa nimeiuliza.

Mwenye ligablo akageuza katoni upande wa rangi, akaandika juu ya picha ya sabuni: 16. Akapiga mstari chini yake. Kipa akasema ataongeza kitu kwa mshahara wa sokwe. Mimi nikaahidi grupu ya WhatsApp bado itafunguliwa, lakini si ya simu ya mtu. Yule wa streika akauliza kama huyo wa Katana anaweza kuja bila viatu. Hakujibiwa.

Hapo ndipo yule mtoto wa shule akatokea, anavuta mbuzi wa kwao kwa kamba, miguuni makambambili. Ni mrefu kuliko nilivyomdhania. Kocha akamwita, kwa ile sauti laini ya mtu mwenye deni.

"Mwaka hii utacheza na siye?"

Mtoto akasimama. Mbuzi akaanza kula pembe ya katoni yetu.

"Fanta njo ngapi?"

"Kumi na sita," dada akajibu kabla kocha hajafungua mdomo.

Akafikiria. Akamvuta mbuzi kidogo.

"Na mikate?"